Mkwe Kwenye Usaili

Tangu Machi, Lameck Burito alikuwa amesahau kukaa. Ukifika kwake Iringo, mjini Musoma, saa mbili asubuhi utamkuta amesimama mlangoni. Saa tatu ameshakwenda mpaka sokoni Mwigobero na kurudi bila kununua hata fungu la dagaa. Saa nne anauliza kama kuna mtu amepiga, na simu iko mfukoni mwake mwenyewe. Mke wake Dafroza, fundi cherehani, alimpa kiti pale barazani amshikie vitambaa visipinde akikata. Alishika viwili, akaacha cha tatu kinaburuzika chini, akaenda kuangalia barabara. Mtu aliyeamka saa kumi na moja kwa miaka kumi na minane huwezi kumwambia leo atulie. Miguu inaamka yenyewe na inataka kujulishwa inaenda wapi.

Miaka hiyo kumi na minane alikuwa mpokeaji wa samaki kwenye kiwanda kimoja cha minofu. Kazi yake ilikuwa kusimama pale gari la barafu linapofungua mlango, kufunua mashavu ya sangara, kubonyeza nyama kwa kidole, kuchomeka kipimajoto, halafu kutoa neno moja: anaingia, au anarudi. Matajiri wa mitumbwi walimbembeleza, wengine wakamtukana yeye na ukoo wake, na neno lake halikugeuka. Kisha samaki wakapungua ziwani, kiwanda kikafunga zamu mbili kati ya tatu, na Ijumaa moja majina arobaini na moja yakabandikwa ubaoni. La kwake lilikuwa la tisa. Hakuiba, hakulewa, hakugombana na mtu. Alipunguzwa. Lakini wewe nenda kawaeleze watu. Mtaani hakuna kupunguzwa, kuna kufukuzwa tu, na aliyefukuzwa lazima kuna kitu alifanya.

Watu wa Iringo angeweza kuwavumilia. Waliomnyima usingizi ni watu wa Butiama, ukweni kwake.

Dafroza ametoka kwenye familia ya ng'ombe. Lameck ni Mjita, mtoto wa mvuvi, mzee Masatu, kule rasini ambako nyumba zote zinaangalia maji. Siku alipopeleka posa, wajomba wa Dafroza walicheka mbele yake bila hata kuficha meno: huyu mtu wa samaki, mahari ataivua kwa nyavu? Kilichowanyamazisha ni barua ya kiwanda yenye muhuri, iliyosema kijana huyu ni mwajiriwa wa kudumu. Ng'ombe aliwanunua mnadani kwa mshahara wake, mmoja mmoja, akawafikisha wote. Barua ile ndiyo iliyomwoa Dafroza, kusema kweli. Na sasa barua ilikuwa imekufa.

Kwa hiyo alimkataza mkewe: Butiama wasijue. Akipata kazi nyingine ndipo waambiwe, tena waambiwe kwamba amehama. Dafroza hakupenda. Alimkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akamwambia mama yake si mtu wa kumcheka mtu aliyeanguka.

"Mama yako mimi simwogopi," Lameck alimjibu. "Namheshimu."

Uongo huo. Alimwogopa kuliko alivyomwogopa meneja wa kiwanda, na hakuna mwanaume wa Mara atakayemlaumu kwa hilo. Mama mkwe humpi mkono. Hukai naye meza moja, humwangalii usoni, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja wenu anaingia kwenye majani mwenzake apite. Kwa miaka kumi na mitano Lameck alikuwa akizungumza na mama Helena kupitia kwa watu, au wakiwa wamepeana mgongo. Mama naye hakuwahi kutamka jina la mkwe wake. Sina hakika hata kama alilijua lote. Alimwita baba Jenipher, kwa jina la mjukuu wake, tena akitaja anakuwa ameangalia pembeni. Huko ndiko kuheshimiana, na hawa wawili waliheshimiana sana.

Usaili wa kwanza aliitwa Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nafasi ya mtunza stoo. Alivaa koti la harusi yake, akapanda gari la alfajiri, akafika saa mbili nzima kabla ya wakati na kuzimaliza zote mbili akitembea kutoka geti hadi kituo cha mabasi na kutoka kituo hadi geti. Alipoingia aliulizwa maswali saba, akayajibu yote, akatoka na matumaini. Wiki mbili kimya. Mwisho Samwel, jamaa aliyewahi kufanya naye kazi na sasa yuko pale Bunda mizanini, alimpigia akamwambia alichosikia.

"Wanasema majibu yako yalikuwaga mazuri, ila muda wote unaangalia meza. Mzee mmoja akasema, mtu amepunguzwa kazi, halafu macho anayaficha, huyo aliiba huko alikotoka."

Lameck alikasirika. Kwao Majita mtoto akiongea na mkubwa anainamisha macho. Aliyeyakodoa alipata kofi la mzee Masatu hapohapo, na la pili kwa sababu ya kuuliza kosa lake. Miaka arobaini na moja ameinamisha macho kwa adabu, leo adabu inaitwa wizi. Akasema hataenda usaili tena mahali popote. Akasema hivyo Jumanne, na Alhamisi akawa anaandika barua nyingine ya maombi.

Ndipo Dafroza akaanzisha shule. Kila jioni, kazi za watu zikiisha, alivaa koti la mumewe, akakaa nyuma ya cherehani kama mwenyekiti, Lameck akaagizwa atoke nje na aingie upya. Ingia, salimia, toa mkono, kaa, niangalie. Binti yao Jenipher, yuko kidato cha pili, alisoma maswali kutoka kwenye simu. Udhaifu wako ni upi? Lameck akasema hana. Jenipher akacheka, akamwambia kila mtu ana udhaifu, sema unapenda sana kazi. Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo? Hapo simu ilikuwa na jibu tayari, natafuta changamoto mpya, na Lameck akalikariri kama Baba Yetu. Ila macho yalikataa. Yalipanda mpaka kwenye kidevu cha mkewe, yakakaa hapo sekunde mbili, yakateremka. Dafroza alimgongea mkasi mezani kila yalipoteremka. Kufikia Julai alikuwa anaweza kumwangalia mkewe dakika nzima, na mkewe ndiye aliyekuwa anaona aibu.

Mwezi huohuo likatoka tangazo: chama cha wafugaji, Butiama, kinatafuta mkuu wa kituo cha kupokea maziwa. Awe anajua kupima, awe anajua baridi, awe mtu asiyepindika. Lameck alilisoma mara nne. Ni kazi yake ileile, tofauti ni kwamba sangara hakamuliwi. Akatuma maombi siku hiyohiyo, na siku ya pili akaanza kutokwa jasho, maana mama Helena ni mjumbe wa bodi ya chama hicho.

"Sasa lazima tumwambie mama," Dafroza alisema.

"Ukimwambia, siendi."

Mwisho Dafroza akampigia mama yake kumsalimia, akamzungusha kwa maneno ya mvua na mahindi mpaka akapata alichotaka: usaili utafanywa na mwenyekiti, katibu na afisa mifugo wa wilaya. Yeye mama siku hiyo atakuwa Bunda kuuza ndama. Lameck alishusha pumzi. Apate kazi kwanza, hayo mengine yatajulikana yakifika. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo tunavyojiambiaga wote tukitaka kufanya ujinga.

Siku ilipofika, alishuka Butiama koti likiwa mkononi lisikunjamane. Ofisi ya chama ni nyumba ya vyumba viwili: kimoja kina tangi la kupozea maziwa linalonguruma, cha pili kina meza, mabenchi na dirisha linaloangalia kibaraza. Walikuwa waombaji wanne, yeye wa mwisho. Hakukaa kwenye benchi. Alizunguka jengo mpaka mlinzi akamuuliza anatafuta choo. Alipoitwa alivaa koti, akanyoosha mgongo, akainua macho kama alivyofundishwa, akasukuma mlango.

Walikuwa watatu. Kulia binti mmoja mwenye daftari, Dorah, afisa mifugo, mgeni wa kutoka Morogoro. Katikati mwenyekiti, mzee Enos, ambaye tayari alikuwa amesimama na mkono ameunyoosha. Kushoto, kwenye kiti cha katibu, akiwa na miwani ya kusomea na kalamu mkononi, mama Helena.

Mnunuzi wa ndama alikuwa ameahirisha. Katibu alikuwa ameamka na homa. Mzee Enos alikuwa amempigia mama asubuhi ile, njoo utusaidie kujaza kiti, naye akaja. Mbele yake palikuwa na orodha ya majina manne, na moja lilikuwa Lameck M. Burito, jina ambalo halikumwambia kitu.

Kwa miezi miwili Lameck alikuwa amejifunza kuangalia watu usoni. Shule ya Dafroza ilimwingia vizuri kuliko alivyodhani, maana alimwangalia mama mkwe wake macho kwa macho, wazi kabisa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mama akamwangalia. Kalamu ikaanguka. Mama Helena akavuta kanga kutoka begani, akajifunika kichwa mpaka puani, akageukia ukuta. Lameck naye aligeuka kama aliyepigwa, akawapa wote mgongo, uso wake umeelekea mlango aliotokea. Mkono wa mzee Enos ulibaki hewani bila mtu wa kuushika.

Dorah aliuliza kuna nini. Akauliza tena, kama mwombaji anaumwa.

"Huyo ni mkwe wangu," mama Helena aliuambia ukuta. "Sikai naye chumba kimoja."

Mzee Enos, ambaye na yeye ana wakwe, alielewa mara moja. Alimwomba Lameck asogee upande wa tangi, mama akapita kando ya ukuta huku amejifunika, akatoka. Lakini hakwenda mbali. Kibarazani palikuwa na kigoda, akakaa hapo, mgongo kwenye dirisha, kiasi cha hatua mbili kutoka mezani. Dirisha lilikuwa wazi na hakuna aliyethubutu kulifunga.

Lameck alikaa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Maswali ya mwanzo aliyajibu bila kujua anasema nini: joto la kupozea, usafi wa vyombo, muda wa maziwa kukaa. Hayo aliyajua hata akiwa usingizini. Halafu Dorah akafunua ukurasa.

"Kule kiwandani, kwa nini uliacha kazi?"

Jibu lilikuwapo. Natafuta changamoto mpya. Alifungua kinywa, na kabla halijatoka alisikia nje kigoda kikilia, mtu amejiweka sawa asikilize. Akaona kitu kimoja kwa uwazi: akisema uongo ule, mama atauamini. Atauamini kwa sababu katika miaka kumi na mitano mkwe wake hajawahi kumdanganya, na ataubeba mpaka kwa wajomba, ataueleza kwa fahari. Lameck alijisikia vibaya kuliko siku jina lake lilipobandikwa.

Aliinua macho, akamwangalia Dorah. "Sikuacha. Nilipunguzwa, mwezi wa tatu. Tulikuwa arobaini na mmoja. Sikuiba kitu. Wakwe zangu nilikuwa sijawaambia, niliona haya. Wamejua sasa hivi."

Tangi liliendelea kunguruma chumba cha pili. Mzee Enos alikuna kidevu. Lameck alitamani mama kule nje akohoe, acheke, alaani, afanye lolote.

Dorah hakuwa mtu wa kuachia jambo nusu. Alisema amesikia, akaandika, kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Mama yule ni mfugaji. Kila asubuhi analeta maziwa hapa. Siku maziwa yake yakikutwa na maji, mkuu wa kituo atafanya nini?

Mbona hili ndilo swali pekee alilokuwa analijua siku zote? Kidole chake kiliwahi kurudisha gari zima la sangara wa mjomba wake mwenyewe, wakaacha kusalimiana mwaka mzima. "Nitayarudisha," alisema. "Halafu ukweni nitaacha kwenda mpaka mke wangu aniombee radhi. Lakini yatarudi."

Mzee Enos alicheka mpaka akashika meza. Na kutoka kibarazani, bila kugeuka, sauti ikaingia dirishani:

"Mwambieni maziwa yangu hayajawahi kuwa na maji."

"Amesikia, mama," mwenyekiti alijibu, akipangusa macho.

Hapo ingekuwa vizuri hadithi iishe, lakini Dorah alikuwa na katiba ya chama. Aliifungua, akasoma kwa sauti ya pole: ndugu wa mjumbe wa bodi, wa damu au wa ndoa, haajiriwi na chama. Alisema kwa maoni yake hakuna aliyejibu kumzidi Lameck siku ile, ndiyo maana inamuuma kulisoma. Mzee Enos alinyoosha mkono kwa mara ya pili, na safari hii Lameck aliushika. Alipotoka, kigoda kilikuwa kitupu. Kule barabarani aliiona kanga ikipanda kilima haraka, haikugeuka nyuma.

Alirudi Musoma amejiona amepoteza vyote viwili, kazi na heshima, kwa asubuhi moja. Alimsimulia Dafroza huku anatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Dafroza hakusema nilikwambia, ila alishona kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika, na hiyo ilikuwa ni kusema. Siku mbili Lameck hakula vizuri. Alitaka mkewe ampigie mama kumwomba radhi, akishika simu anamwambia acha kwanza. Alikunja koti la harusi, akalirudisha sandukuni.

Ijumaa saa nane mchana simu ikaita. Alikuwa mzee Enos. Alimtaka aripoti Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, avae viatu vya mvua kama anavyo.

Lameck alishindwa hata kushukuru. Aliuliza kuhusu katiba.

"Haikuhusu tena," mzee alisema. "Mama alileta barua jana. Amejiuzulu. Alisema asije mtu mzuri akakosa kazi kwa ajili ya kiti."

Dafroza alimpokonya simu, akakata, akampigia mama yake hapohapo na kufungua spika. Mama Helena alipokea akiwa zizini, ndama wanalia nyuma yake. Binti alianza kulia kabla ya salamu. Mama akamnyamazisha, akamwambia ana kazi nyingi, asimpotezee muda.

"Mwambie baba Jenipher asijisumbue kufikiria. Kile kiti chenyewe kilikuwaga kinaniumiza mgongo. Na mwambie mtu akipunguzwa kazi hajaugua ukoma. Mjukuu wangu miezi minne anakula nini, na mimi nina ng'ombe saba huku?"

Akakata. Lameck, aliyekuwa amegeukia ukuta tangu sauti ile iingie chumbani, aliuliza kama ni kweli, kuhusu mgongo.

Dafroza alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. "Kile kiti alikigombea mara tatu," alisema. "Mara mbili wanaume walimcheka. Wakamwambia mwanamke atajua nini habari ya ng'ombe. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kukikalia."

Lameck alianza kutafuta viatu vyake. Alisema anakwenda Butiama sasa hivi, gari la mwisho bado lipo, akapige magoti amshukuru mama yule. Alisema hawezi kungoja Jumatatu. Dafroza alimwacha avae kiatu cha kwanza, kisha akamuuliza kwa upole atapiga magoti upande gani, mtu ambaye haruhusiwi hata kumtazama.

Lameck alisimama pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akalia mbele ya mke na mtoto wake.